Nilitafsiri ahadi ambayo wageni hawakuitoa

Bwana asifiwe, Mama.

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Fizi, Kivu Kusini, Kongo. Tangu 2012 naishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, pamoja na mama yangu na mdogo wangu wa kiume. Sekondari niliimaliza hapa hapa Uganda, na kwa kuwa Kiingereza changu ni kizuri, kanisani kwetu mimi ndiye mkalimani. Kituo cha afya nacho huniita siku wanapokosa mtu wa Kiswahili au Kibembe, wakanipa posho kidogo. Posho hiyo ndiyo inayotununulia mafuta na sabuni.

Julai mwaka huu tulipata wageni kumi na wanne kutoka Marekani, watu wa kanisa moja huko, waliokuja safari ya huduma ya siku kumi. Walifundisha watoto chini ya mwembe, wakawagawia wazee miwani ya kusomea, wakafanya semina ya ndoa na semina ya uongozi. Vijana wawili wa timu walipima kanisa letu kwa futi na kupiga picha za paa. Mama mmoja wa timu aliandika majina ya watoto kwenye daftari. Mimi nilikuwa nao tangu asubuhi hadi wanapopanda kosta jioni kurudi hotelini Mbarara. Siku kumi zile mdomo wangu haukuwa wangu.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili. Kina mama walikuwa jikoni tangu saa tisa usiku. Tulichinja mbuzi wawili, tukapika sombe, wali na ugali, wageni tukawavika vitenge, kwaya ikaimba mpaka baadhi yao wakalia. Kisha kiongozi wao akasimama kuaga. Kanisa letu ni kuta za udongo, paa lake nusu mabati na nusu turubai. Alitazama juu kwa muda, akasema kwa Kiingereza maneno ambayo nikiyaweka neno kwa neno ni haya: "Tumeona hali ya jengo lenu. Tutaliweka jambo hili katika maombi, tuone Mungu atatuongoza vipi."

Mimi nikasema: "Tumeona hali ya jengo lenu. Jambo hili tumelibeba. Tutarudi, na Mungu atafungua njia."

Mama, hata leo sijui yalitoka wapi. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nalia, na mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa ameshika miwani yake mipya kwa mikono miwili kama anashika yai. Nilipoutazama uso wake, "tutaliweka katika maombi" nikaona ni dogo mno kulitamka. Vigelegele vilipasuka. Mama pasta alipiga magoti. Kiongozi alitabasamu akainua mikono, watu wakazidi kushangilia.

Wakati kosta inawashwa, yule mama wa daftari alinivuta pembeni, akanikumbatia, akanipa bahasha. Akasema ni yangu mimi, nisiwaambie wengine. Zilikuwa dola 200. Nilimnunulia mama dawa za presha za miezi kadhaa, nikalipa deni la ada ya mdogo wangu. Hakuna anayejua.

Sasa sikia yaliyofuata. Tangu mwaka jana kanisa lilikuwa linachanga fedha za mabati, na tulikuwa tumefikisha shilingi 1,140,000. Baada ya Jumapili ile michango ilikatika. Wazee walisema hatuwezi kuweka mabati ambayo wageni watakuja kuyatoa. Fedha zile zikatumika kufyatua matofali na kuchimba choo cha wageni. Mwezi wa Septemba wakabomoa ukuta wa nyuma ili mafundi wakute mahali pako tayari. Mvua zimeanza. Nyuma tumefunga turubai, na Jumapili iliyopita watoto walisali wakiwa wamesimama kwa sababu chini palikuwa na maji.

Kuna pia mjane mmoja. Mtoto wake aliandikwa kwenye lile daftari. Alimtoa shule ya hapa akampeleka bweni Mbarara muhula wa tatu, akakopa kwenye likelemba, mchango wa kupokezana wa kina mama, kwa kuwa anaamini kuanzia Februari wageni watalipa. Alipoulizwa nani kamwambia, alinitaja mimi. Mimi sikumwambia, lakini sikumkatalia.

Mwezi uliopita wazee walinituma niwaandikie wageni niwakumbushe. Niliandika ujumbe wa salamu tu, nikaona haya kutaja jengo. Walinijibu kwa picha ya kanisa lao na maneno kwamba wanatuombea kila wiki. Nikawaambia wazee: wanasema bado wanapanga.

Mama, nikisema ukweli, watasema nimekula pesa za wazungu. Hapa neno kama hilo halifutiki. Kituo cha afya nao wataniamini vipi? Nikinyamaza, mvua inaingia. Wakati mwingine nafikiri niwaandikie wageni niwalilie waje wajenge, ili uongo wangu uwe kweli. Wakati mwingine nafikiri niende Kampala kwa binamu yangu nisirudi. Najua Wamarekani wakisema "tutaliombea" wanakataa kwa upole. Nilijua hata siku ile.

Kuna jambo jingine, labda halihusiani. Ile Ijumaa, kwenye kikao na wageni, mzee mmoja alisema semina ni nzuri lakini siku nyingine watuulize kwanza tunahitaji nini, maana mtu hafundishwi uongozi huku ananyeshewa. Niliona aibu. Niliwaambia wageni kwamba wazee wanashukuru sana kwa semina. Hilo silihesabu kosa, ilikuwa adabu tu.

Nifanye nini?

Mwenye Ndimi Mbili, Nakivale

MAJIBU

Amina, mwanangu. Asante kwa kuniamini na jambo zito hivi.

Nianze na sahihi yako. Kwa Kiswahili mtu wa ndimi mbili ni yule asemaye hili hapa na lile kule, apate faida pande zote. Umejihukumu kabla sijafungua mdomo. Lakini mkalimani naye huishi kwa ndimi mbili, na hiyo ni kazi halali na ngumu, hasa kwa mtu anayeifanya siku kumi mfululizo, alfajiri hadi jioni, peke yake, bila wa kumpokea. Wakalimani wa mikutano mikubwa hukaa wawili wawili na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa sababu baada ya hapo akili huchoka na maneno huanza kuteleza. Sikupi hili liwe kinga. Nataka tu ujitazame siku ile kama ulivyokuwa, umechoka na machozi machoni, si kama unavyojiona leo usiku ukiwa huna usingizi.

Nikikuelewa vizuri, sentensi moja ya kuaga uliifanya kuwa ahadi. Juu ya ahadi hiyo watu wamebomoa ukuta, wamemaliza akiba, na mjane amekopa. Umekaa na siri hiyo miezi minne. Halafu mwezi uliopita, wazee walipokutuma, ukaongeza neno la pili. Naomba tuyatofautishe maneno haya mawili, kwa sababu naona umeyachanganya. Lile la Julai lilikutoka. Hili la mwezi uliopita ulilitoa, ukiwa umetulia, simu mkononi. Nadhani ndilo linalokuuma zaidi, hata kama barua yako imeligusa kwa mistari miwili tu.

Sasa niruhusu nikuulize mambo kadhaa, kwa upendo.

Je, ni kweli kwamba kanisa zima lilibomoa ukuta kwa sababu ya sentensi yako? Vijana wawili walipima jengo kwa futi mbele ya watu wote. Walipiga picha za paa. Mama mmoja aliandika majina ya watoto kwenye daftari. Mtu anayepima nyumba yako na kuandika jina la mwanao anakwambia nini, hata kama hamjui lugha moja? Watu wenu walikuwa wameshaambiwa na futi na daftari kabla hujapanda madhabahuni. Na yule kiongozi aliona vigelegele, akamwona mama pasta amepiga magoti. Aliyesema tu kwamba ataomba, akaona watu wanashangilia kama wamepewa nyumba, angeweza kukugeukia akuulize: wamesikia nini? Hakuuliza. Simlaumu, huenda alidhani ndivyo tunavyoagana. Lakini mzigo huu una vishikio vingi, na wewe umeukumbatia wote peke yako.

Yafikirie pia masikio yaliyokuwa yanasikiliza. Aprili 2020 Mpango wa Chakula Duniani ulipunguza mgao wa wakimbizi Uganda kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ukafikia asilimia 40, kwa kukosa fedha za wafadhili. Punguzo halikuishia hapo, nawe unalijua jikoni kwenu kuliko ninavyolijua mimi. Watu walioona ahadi rasmi zikipungua mwaka hadi mwaka watashika kwa nguvu ahadi ya mgeni aliyewatazama usoni na kulia. Bibi mwenye miwani alikuwa tayari kuamini. Ulichomtafsiria ni tumaini lake mwenyewe. Naelewa jinsi ilivyotokea. Naelewa pia kwamba kuelewa hakuzuii mvua.

La pili. Unasema unajua "tutaliombea" maana yake ni hapana. Una hakika? Wapo wanaolitumia hivyo, kweli. Lakini kiongozi wa safari kama hii mara nyingi hana mamlaka ya kuahidi jengo. Akirudi kwao ana wazee wake, ana kamati, ana bajeti inayopigiwa kura. Huenda alisema kweli yote aliyokuwa nayo: sijui, nitaomba, nitawauliza wenzangu. Na jengo la kudumu ndani ya makazi ya wakimbizi si suala la wageni na kanisa peke yao. Ardhi hiyo ni ya serikali na inasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa hiyo hata mgeni mwenye fedha mfukoni angelazimika kupitia kwao. Basi huenda jibu la wageni si ndiyo wala si hapana. Ni swali ambalo bado hajaulizwa mtu.

Hapo ndipo nilipokwama kwenye barua yako, mwanangu, na hapo nataka tukae kidogo. Mwishoni kabisa umeandika "labda halihusiani". Mimi naona ndiyo barua yenyewe. Ijumaa mzee alisema jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa siku zile kumi: tuulizeni kwanza, tunanyeshewa. Wewe ukaona aibu, ukawapa wageni shukrani. Jumapili mgeni akasema jambo dogo, ukaona aibu tena, ukawapa wenyeji ahadi. Wageni wamerudi kwao wakiamini kwamba semina ilitosha. Wenyeji wamebaki wakiamini kwamba jengo linakuja. Pande mbili zilikaa siku kumi, zikala pamoja, zikalia pamoja, na jambo lililokuwa moyoni mwa kila mmoja halikuvuka. Yale mazungumzo hayajafanyika bado. Yanaweza kufanyika, hata sasa.

Unaiita adabu, nami nakuelewa, kwa maana tumelelewa hivyo. Mgeni hapewi neno chungu, mgeni hupewa kuku. Lakini yule mzee alikuwa mtu mzima, alijua anachokisema na alijua anakisema mbele ya nani. Alichagua kusema. Pengine yeye naye anakudai kitu, na sijui kama umewahi kumfikiria hivyo.

Sasa njia ulizozitaja, na nyingine ambazo hukuzitaja.

Kuwaandikia wageni uwalilie waje wajenge, ili uongo uwe kweli. Naona jinsi inavyovutia. Ingefaulu, hakuna angejua, na paa lingepatikana. Lakini fikiria barua hiyo ingesema nini. Ingebidi uwaambie kwamba waliahidi, na hawakuahidi, au ufiche kwa nini unalia, na hilo lingekuwa neno la tatu. Na wakikaa kimya, ambalo linawezekana, utakuwa umengoja majira mengine ya mvua. Kuna barua ya namna nyingine ambayo ungeweza kuwaandikia: ile inayowaambia mzee alisema nini Ijumaa, wewe ulisema nini Jumapili, na watu wamefanya nini tangu hapo. Hatari yake ipo. Wanaweza kuona aibu, wanaweza kukasirika, wanaweza kuleta fedha kwa kuona hatia, na msaada wa hatia una matatizo yake. Wanaweza pia kushukuru kwamba hatimaye kuna mtu amewaambia. Mimi siwajui watu hao. Wewe umekaa nao siku kumi, ulisikia walivyozungumza wakidhani hakuna anayesikia. Unadhani ni watu gani?

Kumwambia mchungaji peke yake kwanza. Wengi huanzia hapo, na inapunguza kuwa peke yako. Unamfahamu: ni mtu wa kubeba jambo nawe, au ni mtu wa kulizika? Kama naye aliwatangazia majirani kwamba wazungu wanajenga, heshima yake nayo imo ndani. Anaweza kukwambia nyamaza, tutajua la kufanya, halafu utakuwa na siri ileile pamoja na amri ya kuitunza. Ukienda kwake, huenda ikafaa ujue mapema unamwomba nini: ushauri, kusimama nawe mbele ya wazee, au siku ya kusema. Na je, mama yako? Humtaji kwenye uamuzi huu hata mara moja, ila kwenye dawa. Alivuka mpaka na watoto wawili. Sidhani kama kuna habari yako asiyoweza kuibeba.

Kusema mbele ya kanisa. Hofu yako ya "amekula pesa" si hofu ya mtoto. Nimeona neno hilo likimfuata mtu miaka. Kwa hiyo tuizungumze bahasha wazi. Mimi siioni kuwa fedha chafu. Ulifanya kazi siku kumi, na hujaniambia kama kuna aliyekulipa hata shilingi. Ulipewa kwa hiari, ukamtibu mama na kumsomesha ndugu. Lakini dola 200 ni kama shilingi laki saba, na kwenye kanisa lililochanga milioni moja kwa mwaka mzima, watu watazilinganisha. Ukisema habari ya maneno ukaacha bahasha, siku itakapojulikana kila ulichosema kitatiliwa shaka. Ukiisema mwenyewe, wapo watakaonong'ona hata hivyo. Yule mama alidhani anakulinda kwa kukwambia usiseme. Hakujua anakuachia nini. Sitakwambia uiseme au uiache. Nakuomba tu uamue habari ya bahasha kabla ya siku ya kusema, usije ukaamua ukiwa umesimama mbele za watu.

Kuhusu kituo cha afya, nina wazo tofauti na lako kidogo. Pale daktari akisema jambo gumu, mgonjwa anakutazama wewe. Umewahi kulipunguza? Sikulaumu, nakuuliza. Kama jibu ni ndiyo, basi huenda kinachohitaji kutazamwa ni pana kuliko Jumapili moja, na kulitazama kutakusaidia katika kazi unayoipenda.

Kwenda Kampala. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakupa haki ya kutembea na kufanya kazi, na ukitaka maisha mapya huko hakuna ubaya. Ila jiulize ungekuwa unaenda au unakimbia. Familia yenu imeshakimbia mara moja, kwa sababu ambazo hazikuwa zenu. Unajua inavyokuwa kuishi mahali huku moyo umebaki pengine.

Kunyamaza na kungoja, labda wageni watarudi wenyewe. Hata hili ni chaguo, na umekuwa ukilichagua kila siku. Lakini kumbuka habari ya Yusufu na ndugu zake kule Misri, Mwanzo sura ya 42. Walizungumza mbele yake wakidhani haelewi, kwa sababu palikuwa na mkalimani kati yao. Kumbe alikuwa anaelewa kila neno. Vijana wenu wanasoma shule za Uganda, na huko Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia. Una hakika kwamba Jumapili ile, kati ya watu wote waliojaa pale, hakuna kijana mmoja aliyesikia sentensi zote mbili? Huenda siri hii ina watu wengine ndani yake, nao wanakutazama wakisubiri.

Nimemwacha mjane mwishoni kwa sababu nimemfikiria kuliko wote. Ukuta una mvua, lakini mjane ana tarehe. Februari inakuja, na deni la likelemba halingoji mtu, kwa kuwa zamu ya mama mwingine inafika. Kwake kuna jambo ambalo halihitaji uwe umeshaamua mengine yote. Yule mama wa daftari una namba yake au unaweza kuipata. Swali lake ni fupi: majina ya watoto uliyaandika kwa ajili ya nini? Inawezekana ni ya kuombewa. Inawezekana kuna mpango wa ada kweli. Inawezekana ni ya kuhesabu madaftari ya kugawa. Wewe hujui, mjane hajui, na nyote mnaishi kama mnaojua. Jibu lolote litakalokuja, mjane akilipata kabla ya Krismasi ana nafasi ya kuamua: kumrudisha mwanawe shule ya hapo, kuzungumza na kina mama wa kikundi, kuzungumza na shule. Akilipata Februari, nafasi hiyo itakuwa imekwisha. Labda utamwambia mwenyewe kwamba haikuwa ahadi. Labda utamwendea na mtu. Siwezi kukuchagulia, lakini sitaki tarehe hiyo ikupite ukiwa bado unapima lile jambo kubwa.

Yakobo katika waraka wake anauliza inafaa nini kumwambia ndugu aliye uchi na njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa mahitaji ya mwili. Watu huusoma mstari huo kwa wanaotoa. Mimi nikisoma barua yako nimeusoma kwa ajili yako: ulisikia mtu anawaambia wako nendeni kwa amani, na hukuweza kuvumilia, ukaongeza koti na chakula kutoka mfuko usio wako. Kosa hilo limetoka mahali penye huruma. Wazee wenu wakilisikia lote, pamoja na uchovu na yule bibi na miwani yake, sina hakika watasikia tu kwamba umewadanganya. Pia sina hakika kwamba hawatasikia hivyo. Nisingekuwa mkweli nikikuahidi mapokezi mazuri, na wewe kwa sasa huhitaji ahadi nyingine.

Jambo moja dogo, kama utapenda. Chukua karatasi, uandike sentensi zile mbili ubavu kwa ubavu, ya kiongozi na yako. Chini yake andika ya yule mzee na uliyowapa wageni. Usimwonyeshe mtu bado. Zitazame tu, uone ni ipi kati ya hizo nne ambayo ungetaka isikike kwanza, na kwa nani. Huenda ukajua pa kuanzia, au ukajua tu kwamba hauko tayari wiki hii.

Niandikie tena, hata kwa mistari miwili, unieleze mjane amefikia wapi na kama mmepata cha kuzuia maji upande ule wa nyuma. Mama yako mpe salamu zangu. Dawa zake za presha asizikatishe hata akijisikia vizuri, na kabla ile akiba haijaisha muulize mhudumu wa kituo chenu kama wanazo.

Nakukumbuka katika maombi, na ninaposema hivyo ndivyo ninavyomaanisha.

Mama yako wa ushauri